Kona ya Wapiga Ngoma

Ukitaka kujua kama darasa la ngoma litadumu, usiwatazame wachezaji. Nenda kwenye kona waliyokaa wapiga ngoma, uone wako wangapi, kisha umvute mwalimu pembeni umuulize anawalipaje. Nimekuwa nikihudhuria madarasa ya namna hii mjini Oakland, California, kwa muda wa kutosha kuyaona mengine yakizaliwa na mengine yakizikwa, na sikumbuki hata moja lililokufa kwa kukosa wachezaji. Wachezaji hupungua wakati wa baridi, hurudi wakati wa joto, na wakirudi huja na dada zao na majirani zao. Darasa hufa pale wapiga ngoma wanapoanza kuchelewa, wakabaki wawili, akabaki mmoja, hadi siku moja mwalimu anaingia ukumbini na spika mkononi huku akiomba radhi.

Madarasa ninayoyasema ni yale ya ngoma za Waafrika na za vizazi vyao vilivyotawanywa ng'ambo ya Atlantiki: ngoma za Haiti, Kuba, Brazili na Puerto Rico, pamoja na zile za Kongo, Senegali na Guinea ambazo walimu wake walizileta wenyewe katika karne ya 20. Hayana mitihani wala vyeti. Mtu hulipa mlangoni, huvua viatu, hufunga kanga kiunoni na kuingia. Ukumbini utamkuta muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, mwanafunzi wa chuo, bibi wa miaka sabini na mtoto aliyeletwa kwa sababu hakuna wa kubaki naye nyumbani. Wengi ni Wamarekani Weusi. Wapo Wazungu, Wameksiko na Wafilipino, na tupo sisi wachache tuliotoka Afrika Mashariki, ambao siku za mwanzo hujifanya tunajua kila kitu.

Kitovu cha mambo haya ni jengo moja la miaka ya 1920 lililoko Mtaa wa Alice, katikati ya mji, ambalo lilijengwa kuwa klabu ya wanawake na baadaye likawa mali ya manispaa. Ghorofa za juu wanaishi watu. Chini ziko kumbi za mazoezi na ukumbi wa maonyesho. Kwa miaka mingi liliitwa Alice Arts Center, kisha likapewa jina la Malonga Casquelourd. Malonga alikuwa Mkongo wa upande wa Brazzaville, mchezaji na mpiga ngoma aliyepitia kikundi cha taifa cha nchi yake kabla ya kuingia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1977 alianzisha kikundi cha Fua Dia Congo, akafundisha vyuoni, na kwa miaka mingi akafundisha katika jengo hilo mtu yeyote aliyekuja, mpaka alipofariki kwa ajali ya gari mjini humo Juni 2003. Mimi sikumkuta. Niliwakuta wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wake, na watoto wake wanaoiendeleza kazi. Na ubishi ukizuka kuhusu hatua au mpigo, anayesimama na kusema kwamba Malonga alikuwa akiufanya hivi ndiye anayeumaliza.

Darasa la Kikongo huanza kabla ya saa iliyoandikwa kwenye tangazo, kwa sababu ngozi haipendi baridi na wapiga ngoma lazima waiandae. Kwetu Pwani ngoma huoteshwa moto wa makuti mpaka ngozi ikaze na kutoa sauti. Katika jengo lenye ving'ora vya moto hilo haliwezekani, basi mmoja wao huja na hita ndogo ya umeme, huiwasha kwenye korido na kuielekezea ngozi kama mtu anayekausha shati la shule asubuhi. Kila baada ya muda huipiga kofi moja, husikiliza, huigeuza. Ngoma zenyewe ni ndefu. Mpigaji huifunga kiunoni kwa mkanda, huiinamisha katikati ya miguu na kuipiga kwa mikono mitupu akiwa amesimama, huku mwingine aliyechuchumaa nyuma akigonga mbao za ubavu kwa fimbo mbili. Huyo wa fimbo ndiye anayeshika mwendo wa ukumbi mzima, ingawa wageni hawamwoni.

Baada ya kunyoosha viungo, wachezaji hujipanga nyuma ya ukumbi kwa mistari ya watu watatu watatu au wanne wanne, na kila mstari husogea mbele kuielekea ile kona. Mwalimu ameonyesha hatua mara mbili tatu bila kuhesabu. Hakuna ile hesabu ya moja hadi nane inayosikika katika madarasa mengine ya dansi. Badala yake mpigaji mkuu hutupia mpigo mfupi usiofanana na chochote kinachoendelea, na mpigo huo ni amri: anza, badili, au acha. Mgeni husikia vurugu tu. Baada ya majuma kadhaa huanza kuutambua, na akishautambua hata akiwa amechoka, akiwa anazungumza na jirani yake, mguu wenyewe utaondoka. Mstari ukifika mbele, wachezaji huinama na kugusa sakafu mbele ya ngoma, au huweka mkono kifuani, kisha hupita pembeni kurudi nyuma kungoja zamu.

Katika darasa la Haiti amri hiyo huitwa kase. Ngoma za rada, tawi moja la dini ya Vodou ya Wahaiti, ni tatu, yaani manman iliyo kubwa, segon ya kati na boula ndogo, na juu yake hulia chuma kiitwacho ogan. Tunapocheza yanvalou, magoti yamekunjwa na mgongo unaviringika polepole kutoka kiunoni hadi shingoni, kwa heshima ya Danbala, roho wa dini hiyo ambaye Wahaiti humwona katika umbo la nyoka. Boula na segon hazibadiliki hata kidogo, na mwili unazoea, karibu unasinzia. Ndipo manman inapovunja. Mpigaji wake anauacha mwendo aliokuwa nao na kupiga mapigo yanayokwenda kinyume na wenzake, na mchezaji naye lazima auvunje mwili: kichwa kinarushwa, mguu unakwama, mkono unakatikia njiani, kisha manman inarejea na mgongo unarudi ulikokuwa. Mwalimu wetu wa Haiti ni mtu mpole, lakini mtu akivunja kabla manman haijavunja hukasirika kwelikweli, kwa sababu mtu huyo amecheza alichokikariri juma lililopita na wala hakuwa akisikiliza. (Mwafrika Mashariki anayedhani Haiti haimhusu akumbuke kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 18 meli za Kifaransa zilichukua watumwa kutoka Kilwa na pwani ya Msumbiji, na ingawa wengi walishushwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi, baadhi walifikishwa hadi Saint-Domingue, ambayo ndiyo Haiti ya leo.)

Ngoma ya Puerto Rico iitwayo bomba inakwenda mbali zaidi, kwa kuwa humo mchezaji ndiye anayeamuru. Kuna ngoma za chini, buleador, zinazoshika mwendo, na kuna moja ya juu iitwayo primo au subidor. Mchezaji huingia peke yake, humsalimia mpigaji wa primo, kisha huanza kurusha vishindo vya mwili, bega, sketi, kisigino, na kila kimoja lazima kijibiwe na primo papo hapo. Mpigaji hana nafasi ya kutazama pembeni. Nimewaona wapigaji hodari wakitoka jasho mbele ya binti aliyewapa vishindo vitatu mfululizo kisha akasimama kimya, mkono kiunoni, akingoja waone atafanya nini tena.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaodai kwamba muziki wa kurekodi unatosha mradi mwalimu ni mzuri. Niliwahi kujiunga na darasa lililotangazwa kuwa la ngoma za Kiafrika katika ukumbi mmoja wa mazoezi ya viungo, ambao sina haja ya kuutaja. Spika zilikuwa nzuri, mwalimu aliijua kazi yake, na jasho lilitoka. Lakini rekodi haimwoni mtu. Katika jengo la Mtaa wa Alice yupo bibi mmoja mwenye goti bovu ambaye huwa wa mwisho kuvuka ukumbi. Anapoondoka nyuma, mpigaji mkuu huwakonyeza wenzake, ngoma zikashuka sauti bila kupunguza mwendo, na yeye humfuata bibi huyo kwa macho, akiweka kofi moja la nguvu kila mara mguu wake wa kushoto, ule mzima, unapokanyaga. Bibi huvuka ukumbi wote akiwa ameshikwa na mapigo hayo. Sioni ni mashine gani ingefanya hivyo, na hata kama ingekuwapo sidhani bibi yule angeinama kuigusia sakafu.

Mtindo wa kuvuka ukumbi kwa mistari huku ngoma zikipigwa kwenye kona umetokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Katherine Dunham, mwanamke Mweusi aliyesoma anthropolojia katika Chuo Kikuu cha Chicago na aliyekwenda Jamaika, Martinique, Trinidad na Haiti kati ya mwaka 1935 na 1936 kujifunza ngoma za huko. Katika miaka ya 1940 alifungua shule New York, ambamo mazoezi ya viungo, hatua za Karibiani na ngoma zinazopigwa na watu hai vilifundishwa pamoja, na katika miaka ya 1950 wapigaji wa Kikuba kama Francisco Aguabella waliingia Marekani kupitia kikundi chake. Mwaka 1967 alihamishia juhudi zake East St. Louis, mji wa watu maskini, akafungua kituo cha kuwafundisha vijana wa mitaani. Dunham aliziona ngoma hizi kuwa elimu yenye mbinu na nidhamu yake, inayoweza kufundishwa mtu hatua kwa hatua bila kuinyofoa kutoka kwa watu waliomo.

Oakland iliupokea mtindo huo mapema kupitia Ruth Beckford, mzaliwa wa mji huo aliyecheza katika kikundi cha Dunham. Mwaka 1947 Beckford alianzisha mafunzo ya dansi chini ya idara ya burudani ya manispaa, kwa hiyo wasichana wa Oakland walifundishwa katika kumbi za umma za mitaa yao, pasipo wazazi kulipa ada za shule za sanaa. Baadhi ya waliopita mikononi mwake ndio walioanzisha vikundi vilivyofuata. Deborah Vaughan, mwanafunzi wake, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Dimensions Dance Theater mwaka 1972, na kikundi hicho kimekuwa na makazi yake katika jengo la Mtaa wa Alice. Jambo moja kumhusu Beckford hunifurahisha kuliko yote. Januari 1969, chama cha Black Panther, kilichopigania haki za Wamarekani Weusi, kilipoanza kuwapa watoto chai ya asubuhi bure katika kanisa la Mtakatifu Agustino mjini Oakland, mmoja wa walioipanga kazi hiyo alikuwa yeye, mwalimu wa dansi. Aliwajua wazazi na alizoea kuongoza kundi la watoto wengi kwa wakati mmoja. Kwa watu wa namna hiyo, darasa la ngoma na uji wa mtoto havikuwa shughuli mbili tofauti.

Suala la ukumbi si dogo, maana historia ya ngoma upande ule wa bahari ni historia ya kugombania mahali pa kupigia. Septemba 1739, karibu na mto Stono katika koloni la South Carolina, watumwa walioasi waliandamana na bendera na ngoma, na sheria iliyotungwa mwaka uliofuata ikawapiga marufuku watumwa kuwa na ngoma na pembe, kwa hofu kwamba hutumika kuitana. Watu walihamishia mapigo kwenye mapaja, viganja na visigino. New Orleans amri ya mwaka 1817 iliwabana watumwa wakusanyike kucheza Jumapili tu na katika eneo litakaloteuliwa na meya, nalo likawa uwanja unaojulikana hadi leo kwa jina la Congo Square. Trinidad serikali ya Kiingereza ilizibana ngoma za ngozi katika miaka ya 1880, na watu wakaanza kugonga mianzi chini. Kutoka mianzi wakafika kwenye mapipa ya chuma. Tusijione tuko mbali na hayo. Wakoloni walidai vibali vya ngoma katika miji yetu pia, na mwezi Oktoba 2017 amri ya rais wa Burundi iliagiza kwamba maonyesho ya ngoma za kijadi yapate idhini ya wizara na kwamba wanawake wasizipige.

Siku hizi anayepinga ngoma huja na malalamiko ya kelele. Septemba 2015 mkazi mmoja wa Oakland aliwaita polisi kwa sababu ya watu waliokuwa wakipiga ngoma kando ya Ziwa Merritt, mahali ambapo ngoma zimesikika kwa miaka mingi, na mjadala uliofuata uliutikisa mji. Mtaani Alice, mwaka 2014, wachoraji walipamba kuta za maegesho ya magari yaliyotazamana na jengo letu kwa picha kubwa za wachezaji na wapiga ngoma wa mtaa huo, na miaka michache baadaye jengo jipya la ghorofa likasimamishwa palepale na kuzificha. Mwaka 1980 karibu nusu ya wakazi wa Oakland walikuwa Weusi. Sensa ya mwaka 2020 iliwakuta kuwa takribani mmoja kati ya watano. Kodi za nyumba zimewasukuma wengi hadi Antioch, Vallejo na Stockton, na miongoni mwao wapo wapiga ngoma. Kwa hiyo mtu ambaye zamani alitembea kwa miguu kuja darasani akiwa na ngoma begani sasa anaendesha gari saa nzima, wakati mwingine zaidi, ili apige kwa saa moja na nusu.

Hapo ndipo linapoingia suala la pesa, ambalo watu wengi huona haya kulizungumza. Tuseme darasa lina watu 20 na kila mmoja amelipa dola 18. Mlangoni zimeingia dola 360. Ukumbi ukikodiwa kwa dola 110, na wapiga ngoma wanne wakapewa dola 40 kila mmoja, mwalimu anabaki na dola 90, ambazo bado hazijagusa petroli yake wala posho ya kijana anayekaa mlangoni. Siku ya mvua wakija watu 12, zimeingia dola 216 na zimetoka dola 270, maana yake ni kwamba mwalimu amelipa dola 54 kutoka mfukoni ili awafundishe watu. Mwalimu yeyote anaweza kuvumilia siku tatu nne za namna hiyo. Zikizidi, kishawishi cha kwanza ni kumpunguza mpigaji mmoja, kwa kuwa ukumbi haupunguziki. Na mpigaji wa kwanza kupunguzwa ni yule wa fimbo mbili, ambaye inadhaniwa hana kazi kubwa. Juma linalofuata mistari inaanza kuyumba na hakuna anayejua kwa nini.

Njia nyingine ni kuwaweka wanafunzi wapige bure wakijifunza. Siipingi yote. Mwanafunzi lazima aanzie mahali, na palepale kwenye kona ndipo pa kuanzia: kwanza chuma au fimbo, kisha ngoma ya chini isiyobadilika, kisha, baada ya miaka, ngoma ya kuita. Lakini nimeona madarasa ambamo kona imejaa wanafunzi sita wanaopiga bure, mzee mmoja anayejua kazi amekaa katikati yao akiwarekebisha bila kupumzika, na mwisho wa siku mzee huyo analipwa nusu ya alichozoea kwa sababu, ati, leo alikuwa na wasaidizi wengi. Huo ni udhalimu, hata ukifanywa na watu wanaopendana.

Kwetu Pwani mpigaji halipwi mlangoni. Mwenye shughuli humwalika, huwa na makubaliano yao, hula wali, na usiku ukikolea wanawake humtuza: noti hubandikwa pajini, huwekwa juu ya ngoma, hutiwa mfukoni mwa shati, na kila anayetuza anataka aonekane. Oakland nimeona jambo hilo likitokea bila kupangwa. Mwisho wa darasa watu hufanya duara, mmoja mmoja akaingia kucheza anachokijua, na siku fulani mama mmoja wa Kisenegali alitoka kwenye duara akambandika mpigaji dola kwenye paji la uso. Wamarekani walishangaa kidogo, wakacheka, kisha mmoja akakimbilia mkoba wake. Tangu hapo watu wengine huja na noti za dola moja moja. Hazitoshi kulipia hata petroli, lakini mpigaji anayetuzwa hupiga tofauti na anayekabidhiwa bahasha, na kila mtu ukumbini hulisikia hilo.

Binamu yangu aliyeko Tanga huniuliza kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayemhurumia mgonjwa, kama ni kweli nalipa pesa ili nikacheze ngoma. Kwake yeye ngoma ni kitu unachozaliwa nacho. Nami humuuliza ni lini mara ya mwisho alicheza mdumange, na harusi ya bintiye ilipigwa nini. Anajua kwamba ninajua kuwa ilipigwa muziki wa flashi na kijana mwenye kompyuta. Tulichokijua utotoni, yeye na mimi, ni kile tulichofundishwa shuleni kwa ajili ya mashindano, mbele ya mgeni rasmi. Tanzania yenyewe ilianzisha kikundi cha taifa cha ngoma katika miaka ya 1960, na mwaka 1981 ikafungua chuo cha sanaa Bagamoyo, kwa sababu waliokuwa na mamlaka wakati huo waliona kwamba ngoma isipofundishwa kwa mpango itawategemea wazee wachache walio hai. Malonga naye alitoka katika kikundi cha taifa. Darasa, basi, halikubuniwa ughaibuni na watu waliopoteza asili. Sisi na wao tumekuwa tukipanga watu kwenye mistari kwa muda uleule na kwa sababu zinazokaribiana.

Tofauti ninayoiona ni kwamba wenzetu wa ng'ambo, kwa kuwa walinyang'anywa, ni wakali zaidi kuhusu kanuni. Huwezi kuingia kwenye kona yao ukaivuta ngoma usiyoalikwa kuipiga. Katika darasa la Kuba, ngoma za ibada ziitwazo batá, zikiwa zimewekwa wakfu, hazifiki ukumbini kabisa. Zinazopigwa mbele ya wanafunzi ni zile zisizo na wakfu, ziitwazo aberikulá, na mtu akiuliza kwa nini hujibiwa kwa adabu lakini kwa kifupi. Wapigaji huvuka kutoka darasa hadi darasa, na wa Kikongo akiketi kwenye tumbadora, ngoma ndefu ya Kikuba, hahitaji kuelezwa mengi: kati ya watu wapatao milioni 12.5 waliopakiwa kwenye meli za watumwa kuvuka Atlantiki, zaidi ya milioni 5 walitoka Kongo, Angola na maeneo ya jirani, na mapigo yao yalishuka nao kila bandari. Hata hivyo hatathubutu kuanza kuita mpaka mwenyeji wa kona ampe ishara.

Hivi karibuni jumuiya moja ya wazungumzaji wa Kiswahili katika mji wa katikati ya Marekani, wengi wao wakiwa watu wa Kivu na Burundi waliopitia kambi za Kigoma, walinipigia simu wakitaka ushauri wa kuanzisha darasa la watoto. Walikuwa wamepata ukumbi wa kanisa, mwalimu wa kucheza, na fulana thelathini zenye nembo. Waliniomba orodha ya nyimbo. Nikawauliza nani atapiga, wakanyamaza kidogo, kisha mwenyekiti akasema kwamba kwa kuanzia wangetumia simu na spika.

Tulizungumza kwa muda mrefu siku hiyo, na niliwasihi watafute wapigaji watatu na waafikiane nao malipo kabla ya kununua kitu kingine chochote. Wamempata mzee mmoja wa Kirundi anayefanya kazi usiku katika kiwanda cha nyama, ambaye Jumamosi tu ndiyo siku yake, na kijana wa Uvira anayepiga ngoma kanisani. Kwa ngoma ya chini alijitokeza mama wa watoto wawili kati ya hao watakaofundishwa. Mzee alisita sana. Alikotoka yeye mwanamke hagusi ngoma. Mwishowe alikubali kumfundisha mwenyewe, kwa sharti kwamba mama huyo afike saa moja kabla ya watoto na asipige mbele za watu mpaka yeye aridhike. Wamekubaliana dola 30 kwa kila mpigaji, na mama naye alipwe sawa na wengine siku atakapoanza. Petroli ya mzee bado wanaibishania, kwa sababu anakaa mbali na fulana zilimaliza akiba.